Kijiti cha Mzee Jabiri na Kilomita Moja Iliyopungua

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, dereva wetu Mzee Jabiri Semboja anaachia usukani wa gari la Kituo cha Mbegu Manundu baada ya kukitumikia kituo kwa miaka thelathini na tatu, miezi kumi na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe kwa vidole, na karani alipoirudia kwenye kompyuta yake alitoka na siku zile zile. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu huu mimi, Valentino wa ghalani, ambaye wengi mnaniita Mjomba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekaa naye kiti cha mbele muda mrefu kuliko mimi. Nimeishia darasa la saba, lakini la saba la wakati ule lilikuwa la saba kweli.

Mzee Jabiri alizaliwa Kwedizinga mwaka 1966, mtoto wa mkulima wa mahindi na ufuta. Aliingia kituoni tarehe 4 Agosti 1992 akiwa utingo, na mwaka haujaisha akakabidhiwa Landrova ya kijani ambayo wenye umri wangu wanaikumbuka. Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja: mshale wa mafuta ulikuwa umeganda. Tangi likiwa tupu, ulisema limejaa. Dereva aliyemtangulia alilala nalo porini mara mbili, mbegu zikanyeshewa zikaota ndani ya magunia.

Jabiri hakuomba geji mpya, maana angeisubiri mpaka leo. Alikata kijiti cha mpera, akakinyoosha motoni, akakitia alama kwa kisu: hapa Handeni, hapa Kwamsisi, hapa kwenda na kurudi. Kila asubuhi alikizamisha kwenye tangi, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga na kukinusa kidogo. Kisha alitamka neno moja, ama “Tunakwenda” ama “Hatuendi”, na akisema hatuendi hata meneja alirudi ofisini kunywa chai. Magari manne yamebadilishwa tangu siku hizo, yote na geji nzima. Kijiti ni kile kile.

Kwa miaka yote hiyo Mzee Jabiri hajawahi kuishiwa mafuta njiani, hata mara moja. Mwaka wa mvua zile kubwa, barabara zilipogeuka mito, tulipeleka mbegu Kwamsisi siku tatu mfululizo. Gari likikwama, mimi nilishuka na kubeba gunia moja kila bega, na jingine nimeling'ata kwa meno, yeye akaling'oa gari topeni kwa gia ya kwanza. Simba dume alitukuta tukiwa hapo. Alimtazama Jabiri, akatazama namba za gari, akatupisha. Asiyeamini amuulize Jabiri, ingawa yeye atasema alikuwa ng'ombe.

Na jambo la pili mnalijua wote. Kila safari alipofika, alileta habari. Zamani alimpa kondakta wa basi kikaratasi, siku hizi ni ujumbe wa simu, lakini neno ni moja tu: “Nimefika.” Pale nje ya ofisi tuna benchi ambalo wageni hudhani ni la wakulima. Ni letu, la kusubiria neno la Jabiri. Hatukuwahi kukaa pale mpaka jua lizame.

Sasa niseme jambo lililoninyima raha mwezi huu wote, kwa sababu nina mkono wangu ndani yake.

Mkewe, shemeji yetu Rukaya, alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka jana. Kliniki yake iko kilomita kumi na moja kutoka nyumbani kwao Kwedizinga, na daktari amemkataza kabisa kupanda bodaboda. Anatakiwa kwenda kila wiki. Kwa hiyo Mzee Jabiri aliamua mafao yake, ambayo mtu hupewa mara moja maishani, yanunue gari dogo. Lakini gari la petroli alilihofia. Mstaafu hana sheli uani kwake, na kijijini petroli inauzwa kwenye chupa, ukienda leo ipo, kesho haipo. Umeme, nyumba yake inao.

Hapo ndipo alipotokea Clinton, dalali wa magari wa Mombo, na gari jeupe la Kijapani lililotumika, la haibridi ya kuchomeka. Kwa wasiolijua, lina injini ya petroli kama mengine, na lina betri kubwa unayoichaji kwa waya ukutani kama simu. Betri ikiwa na nguvu, linakwenda kimya kwa umeme. Ikiisha, injini inaamka. Clinton alilitoa Lushoto kwa mwenyewe, akateremka nalo, akalichomeka hapa kituoni mpaka likajaa. Kwenye dashibodi likaandika kilomita arobaini na moja za umeme mtupu.

Mzee Jabiri alilizunguka mara mbili, kijiti mkononi. Akafungua mdomo wa tangi, kijiti kikagota, maana koo la tangi limepinda. Kwenye betri hakuna hata tundu.

“Sasa hili nalipimaje?”

“Mzee wangu, hili halipimwi kwa mti,” alisema Clinton. “Linajipima lenyewe.”

“Hata Landrova ilijipima yenyewe. Ilisema tangi limejaa miaka sita.”

Watu tukacheka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasogea mbele. Nikasema magari hayo nayajua, nimeyapanda sana Dar es Salaam, na hilo likizoea njia litafika hata sitini. Ukweli ni kwamba nilipanda mara moja, kutoka Ubungo hadi Kimara, nikiwa kiti cha nyuma. Lakini sauti yangu mnaijua, ikishatoka haina breki. Mzee Jabiri aliniamini. Akampa Clinton mkono mbele ya watu, na yeye si mtu wa kuurudisha mkono wake.

Kesho yake alfajiri tukalijaribu kwenye barabara ya Handeni. Gari linateleza kimya, mwanamke wa ndani ya redio anatuongelesha Kijapani, mimi namjibu. Kilomita zikaanza kuyeyuka. Tumekwenda tano, dashibodi imekula tisa. Tumekwenda kumi, imekula ishirini na moja. Mzee Jabiri akazima kiyoyozi, akazima na redio. Mbele kidogo ya vibanda vya machungwa, kilomita ya kumi na tisa, injini ikanguruma chini ya miguu yetu. Kwenda na kurudi kliniki ni ishirini na mbili.

Tukampelekea Hafsa, fundi umeme wa magari hapa mjini. Alimwamkia mzee, akachomeka kidude chini ya usukani, akasoma kwenye simu yake. Betri imebaki na uwezo wa asilimia hamsini na tatu.

“Na ile arobaini na moja?” nikamuuliza. “Niliiona kwa macho yangu haya!”

“Mjomba, hili limeteremka mlima wote wa Soni kutoka Lushoto. Linapiga hesabu kwa njia lililotoka nayo. Linadhani dunia nzima ni mteremko.”

Akaeleza pia kwamba betri mpya inaweza kula karibu bei ya gari zima, na kwamba iliyopo itaendelea kushuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mzee Jabiri akauliza kama kuna dawa. Hafsa akamwambia: “Babu, betri nayo inaelekea kustaafu. Muende pamoja taratibu.”

Wiki ile sikula vizuri. Nilimwona Mzee Jabiri amekaa kwenye benchi letu, yeye ambaye hajawahi kulikalia, anageuza kijiti mikononi. Mafao ya miaka thelathini na tatu, nyonga ya mkewe, na mtu wa kumponza ni mimi. Clinton, tusimwonee, naye hakujua habari ya mteremko, na alimpa siku tatu zaidi za kuamua.

Ndipo Jabiri akafanya lile alilolifanya mwaka 1992. Hakubishana na dashibodi. Aliifunika kwa kitambaa. Asubuhi tatu alilijaza gari umeme, akaendesha polepole mpaka injini iamke, akasoma kilomita kwenye nguzo za barabarani, akarudi na kukata alama upande wa pili wa kijiti, upande ambao haukuwa na kitu tangu kizaliwe. Siku ya kwanza, akiwa peke yake, ishirini na tatu. Siku ya pili, na kiyoyozi, kumi na tisa tena. Siku ya tatu alimpakia shemeji Rukaya na mto wa kukalia, na mimi nyuma kwa ajili ya uzito, kazi niliyoifanya kwa ufanisi mkubwa. Ishirini na moja.

Moja pungufu.

Tulisimama pembeni ya barabara, injini inanguruma. Mzee Jabiri alishika kijiti kama mtu aliyeshika cheti cha hospitali. Alisema hajawahi kutoka na chombo kisichotosha safari, na hataanzia uzeeni akiwa amempakia mkewe. Shemeji akateremsha kioo.

“Baba Sabiri,” alimwita kwa jina la mtoto wao, “hiyo injini inayonguruma ni ya nani?”

“Ya gari.”

“Inakwenda?”

“Inakwenda.”

“Basi hiyo kilomita moja itanibeba injini. Mimi nimekusubiri miaka thelathini na tatu urudi na magari ya watu. Leo umekuja na la kwangu, unaniambia halitoshi? Ingia tuondoke, jua kali.”

Aliingia. Clinton alipoonyeshwa kijiti alipunguza bei bila kelele, na kiasi gani ni siri yao. Gari limeandikwa jina la Rukaya.

Sitawadanganya kwamba wasiwasi umeniisha. Mwakani ile ishirini na moja inaweza kuwa ishirini. Nimemuuliza Hafsa mara nne, na mara ya nne alinifungia mlango. Lakini mtu huyu alituvusha kwa kijiti wakati geji zote zilikuwa zinasema uongo, na tangu juzi mimi ninayepiga domo nimejifunza kupima kwanza. Dereva wetu mpya, Shukuru, tayari ameonekana nyuma ya ghala anachonga mti wa mpera.

Mzee Jabiri, kwa niaba ya meneja, wafanyakazi na wakulima wote uliowafikishia mbegu kabla ya mvua, tunakushukuru. Tunakuombea afya wewe na shemeji yetu, shamba lenye kuzaa, na siku nyingi za kuamka bila kengele ya kituo.

Zawadi ya wafanyakazi hutaiona mezani. Asubuhi hii, ulipokuwa unavaa kanzu, tumelipeleka gari sheli na kulijaza tangi mpaka bomba likakata lenyewe. Ile kilomita moja iliyopungua kwenye kijiti chako ni yetu sisi, na tumekuongezea nyingine nyingi za kuja kutusalimia.

Ukifika Kwedizinga leo, tuma lile neno lako. Tutakuwa kwenye benchi.