Ardis Tollefsrud, Aliyetaka Watu Waulizwe Mara Tatu

Mchungaji, majirani, na ninyi mliotoka mbali, asanteni kwa kuja. Dada yangu alifariki mwezi wa kwanza, lakini ardhi ilikuwa imeganda kiasi kwamba koleo haliingii, kwa hiyo tunamzika leo, tarehe 11 Mei 2019. Nimeombwa nisome wasifu wake. Mwenyewe angesema hakuna haja ya kujisumbua.

Marehemu Ardis Joyce Tollefsrud alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, nyumbani, katika shamba la bitiruti za sukari la wazazi wetu, Selmer na Borghild Haugrud, maili nne mashariki ya mji wetu wa Nyholm, hapa Bonde la Mto Mwekundu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, Orlin, na hakuacha kunikumbusha.

Alianza shule ya chumba kimoja ya Vik mwaka 1950, akamaliza sekondari hapa Nyholm mwaka 1962. Alipokuwa na miaka saba, mke wa mchungaji mpya, mama mwema aliyetoka majimbo ya kusini, alimkaribisha keki ya chokoleti. Ardis akasema hapana, asante. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mgeni hukataa mara ya kwanza, mara ya pili husema msijisumbue, na ya tatu ndipo hukubali nusu kipande, ambacho kwa kweli ni kipande kizima. Yule mama aliifunika keki yake akairudisha kabatini. Ardis alilia njia nzima. Mama yetu akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hajui tu, masikini." Mwaka 1966 alihitimu masomo ya ustawi wa jamii katika chuo cha Moorhead.

Tarehe 14 Juni 1969, katika kanisa hili hili la Kilutheri, alifunga ndoa na Gaylen Tollefsrud, dereva wa lori la bitiruti, mtu wa maneno machache hata kwa viwango vyetu. Hawakujaliwa mtoto. Gaylen alifariki tarehe 2 Desemba 1981, lori lilipoteleza kwenye barafu. Baada ya hapo Ardis aliuza nyumba, akahamia mji mkuu wa jimbo, na hakuolewa tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema sahani moja ni rahisi kuosha.

Kazi aliianza mwaka 1966 akiwa ofisa wa msaada wa jamii katika wilaya yetu, akawa ofisa wa jimbo mwaka 1982, na kuanzia 1998 alisimamia mpango wa kuwatoa akina mama kwenye msaada wa serikali na kuwaingiza kazini. Mara alipoingia ofisi ya jimbo alipata rafiki mmoja, Lorraine Skogmo, aliyewafundisha watumishi wapya. Walikula chakula cha mchana pamoja kwa miaka ishirini, meza ileile, na Ardis alikuwa akinisimulia mambo ya Lorraine kwenye simu mpaka nikajua hata jina la paka wake.

Mwaka 2003 hazina ya jimbo ilikauka. Ardis aliagizwa aupange mpango upya kwa theluthi mbili ya fedha za zamani. Akafanya alichoweza. Aliondoa ziara za nyumbani, na mahali pake akaweka simu moja: ofisa anampigia mama, anamuuliza kama anahitaji malipo ya mlezi wa mtoto, mafuta ya gari, mafunzo. Akisema hapana, inaandikwa amekataa, na kazi lazima aanze. Matokeo yaliwafurahisha wakubwa, hasa ya wilaya hizi za kaskazini, ambako karibu kila mtu alikataa msaada. Ardis alipewa ngao ya mbao yenye jina lake. Watu wa kaskazini, walisema, wanajitegemea.

Krismasi ile alikuja nyumbani. Tulikuwa jikoni kwa binamu yetu Myrna, tukikanda mikate ya viazi, Ardis akauliza habari za Janelle, binti wa Myrna.

"Kazi imemshinda," Myrna akasema. "Alipata zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mtoto akaugua, hana wa kumwachia, akakosa zamu mbili. Wakamfukuza, na msaada nao ukakatwa."

"Lakini kuna malipo ya mlezi wa mtoto! Kwa nini hakuyachukua?"

"Walimuuliza kwenye simu, akasema hapana, asante, tutajikaza."

"Sasa, Myrna, kwa nini alisema hapana?"

Myrna alimwangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. "Ardis. Walimuuliza mara moja."

Nilikuwepo. Dada yangu alinawa unga mikononi, akavaa koti, akatoka nje kwenye baridi ile ya kukata masikio, na alikaa huko muda mrefu. Yeye, aliyelilia keki, ndiye aliyekuwa ameifunika keki ya wilaya nzima.

Aliporudi mji mkuu alitaka kanuni moja tu: kila mama aulizwe mara tatu, kwa siku tofauti, na mara moja kati ya hizo iwe nyumbani kwake, uso kwa uso. Kamati ya bajeti ilimwita. Mbunge mmoja, mtu wa mjini, alimtania mbele ya watu wote.

"Mama Ardis, unataka tumlipe mtumishi aulize swali lilelile mara tatu? Hao watu wako ni viziwi?"

"Si viziwi, mheshimiwa. Ni Walutheri."

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kisha wakamwambia kanuni yake wanaipenda, ila senti mpya hakuna. Akiitaka, fedha azitafute ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Akazitafuta. Mwezi wa tatu mwaka 2004 alifuta nafasi tisa za makao makuu ili maofisa waweze kupanda magari na kwenda kubisha hodi. Kitengo cha mafunzo kilifutwa chote. Lorraine alikuwa amebakiza miaka mitatu kufikia pensheni kamili. Nafasi yake mwenyewe Ardis hakuifuta. Alisema akiondoka, kanuni itafutwa kabla kiti hakijapoa, na nadhani alisema kweli, lakini ukweli huo haumfariji mtu anayefungasha vitu vyake kwenye boksi.

Lorraine alisimama mlangoni kwa Ardis na koti mkononi. "Wao umetaka waulizwe mara tatu," akasema. "Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kumwambia. Ardis alimpigia simu kila siku ya kuzaliwa ya Lorraine. Lorraine akisikia sauti, anakata. Baadaye namba ikabadilika. Wenzake wengine ofisini walimsalimia kwa adabu na kula meza nyingine. Alifanya kazi miaka mitano zaidi hivyo, akila mchana peke yake, akiilinda kanuni yake kila bajeti ilipojadiliwa. Haikufutwa. Wapo akina mama wengi jimboni humu waliopata wa kuwalelea watoto kwa sababu mtu alibisha hodi mara ya tatu. Hakuna hata mmoja wao aliye hapa leo, na hawana kosa, maana hakuna aliyewahi kuwatajia jina lake.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, akarudi Nyholm, kwenye kile kijumba cha kijani nyuma ya posta. Aliimba kwaya, sauti ya pili, na alirudisha bakuli za watu zikiwa safi kuliko zilivyokuja. Watu walimpenda. Sijui kama yupo aliyemzoea.

Septemba 2018 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Mwezi wa kumi na moja nilimuuliza kama anataka nilale kwake. Akasema hapana. Kesho yake nikauliza tena. "Una mke, Orlin, nenda nyumbani." Siku ya tatu nikauliza, akaangalia dirishani kwanza.

"Haya, kaa. Ila usinisemeshe."

Nikakaa. Baada ya saa nzima ni yeye aliyeanza. "Unadhani nilimkosea Lorraine?"

"Ungemuuliza, dada."

"Angekataa."

"Ungemuuliza tena."

"Ningeifuta vilevile. Kuuliza wakati umeshaamua si kuuliza, mdogo wangu. Ni kumfanya mtu mjinga." Akajifunika blanketi. "Lakini nimemkosa mno. Kila siku saa sita mchana, mezani, nimemkosa."

Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Januari 2019, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wake, kwa sababu mikono ilikuwa inamuuma.

Ameacha mdogo wake, Orlin Haugrud. Wifi yake, Delphine. Na mwanangu, Curtis, wa Tacoma. Ndivyo ilivyochapishwa kwenye karatasi mlizoshika. Mchapaji alinipigia kuuliza kama kuna ukurasa umepotea.

Jumanne jioni simu ililia tena. Sauti ya mwanamke, mzee kama sisi. Alikuwa ameona tangazo gazetini.

"Umeandika nani kwenye walioachwa?"

Nikamsomea.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu, Lorraine."

Safari hii hakukata. "Niongeze," akasema.

"Karatasi zimeshachapishwa."

"Basi sema kwa mdomo."

"Niseme wewe ni nani wake?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Rafiki. Usiseme wa zamani. Sema rafiki."

Ameacha pia rafiki yake, Lorraine Skogmo. Mungu ampe Ardis amani ambayo sisi wanadamu tulichelewa kumpa.