Kofia ya Pilipili Iliyopinda Mkia

Sogeeni, wanangu, na kabla sijaanza kusema, kila mmoja auguse mkate huu aape kwamba nitakalolitamka halitavuka kizingiti cha ua wetu. Mmegusa? Basi ni hivi: kaka yenu mkubwa, Tursunali, tangu afiwe na mkewe hatulii, na sasa anamtaka Zumrad, yule mjane mwoka mikate, na leo hii ametoka huko. Nimemwambia jirani yetu Risolat peke yake, naye Risolat hasemi mambo ya watu, ila akiwa macho.

Usinikodolee, Tursunali. Anayekufa hatishwi kwa macho.

Sasa nisaidieni, maana nimechanganyikiwa. Nilipozinduka asubuhi niliwaona wanaume wote mmenizunguka na kofia za kitambaa vichwani, nikajua basi, nimekwisha kufa, nikatega sikio nisikie nani analia kwa dhati na nani anajikamua. Ninyi wanangu mlipokua mliziacha kofia zetu za Chust, mkawa mnazitafuta siku ya harusi na siku ya msiba tu, leo wajukuu wanazivaa na jinzi na raba, wamezilaza upande juu ya sikio, ukiuliza, “Staili, bibi!” Kabla sijalazwa nilimpa kijana mmoja pole ya msiba njiani, nikamlilia kabisa, kumbe mwenzangu anakwenda kula aiskrimu.

Lakini kilichonikaba ni kofia ya marehemu baba yenu, Mamarasul. Niliishona mwenyewe, nyeusi, nikaitarizi pilipili nne nyeupe, na ya nne niliipinda mkia makusudi kwa kuwa siku hiyo alinuna juu ya pilau yangu. Nimemuusia mjukuu wangu Elyor, aivae Ijumaa anapooa, na nyumba hii pia ni yake, kama ambavyo ingekuwa ya marehemu baba yake, kitinda mimba wangu, maana kwetu nyumba humbakia mtoto wa mwisho. Sasa sanduku nilimoiweka limefunguliwa, kofia haimo, na Tursunali anasema, “Mama, ni huyu huyu Elyor. Kaiuza Tashkent, vijana wa huko wanazigombania kofia kuukuu. Mwizi hapewi nyumba!” Na Elyor naye, “Baba mkubwa, mtu huiba kilicho chake?”

Nimwamini nani? Mkubwa ndiye anayewakemea watoto kila siku kwamba kofia ya mzee si pambo. Mdogo ndiye anayenikanda miguu. Lakini kama kweli ameiuza kofia ya babu yake, siwezi kumwachia mlango huu, ataukosa, na mchumba wake atasikia kwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, ila nguo humu chumbani ni nyingi mno.

Sikieni mengine, pumzi inanipungukia. Sufuria kubwa ya pilau msiigawane, azimaneni. Wale waliotuzibia mfereji wa maji nimewasamehe, lakini sufuria msiwape. Mti wa aprikoti usikatwe. Nikizikwa, Risolat asikae karibu na mlango, atawahesabu wasiokuja... nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Dua.

Inueni mikono, wanangu, wote, niwaombee. Mola awape mkate usiokauka... awape wake wenye subira...

Tursunali, mbona mkono mmoja?

“Bega linaniuma, mama.”

Bega hilo hilo lililombebea Zumrad magunia ya unga? Dua haipokelewi kwa kiganja kimoja, mwanangu, nusu yake itamwagika. Inua. Juu kidogo. Usibane kwapa kama kuku mwenye baridi... juu...

Mola awape... vichwa...

Nini hicho kimedondoka kutoka johoni mwako? Asiiguse mtu. Imekunjwa bapa, bado ina joto la kwapa. Elyor, ikunjue, mwanangu, ilete karibu, macho yangu... ya kwanza, sawa. Ya pili. Ya tatu.

Ah. Mkia umepinda.

Mikono usiishushe, Tursunali. Kaa hivyo hivyo, wakuone.