Taa Nyekundu na Ukaidi wa Runji

Weka hiyo simu chini, Lennox, na wewe Karimi acha kuupapasa mto, mto uko sawa, ni aliyeulalia ndiye hayuko sawa. Kaeni mahali nitawaona. Virginia, mkwe wangu, sogea karibu, usikae mlangoni kama mgeni. Nasema kwa Kiswahili kwa sababu yako, maana kwenu ni Kitui na Kimeru chako bado ni cha kuombea chumvi, na sitaki mtu aseme kesho kwamba Mzee Gitari aliacha maneno yasiyoeleweka. Nitasema mara moja tu. Nimetangaza redioni tangu ninyi mkiwa wadogo, najua sauti iliyobaki kidogo inavyosikika, na hii yangu imebaki kidogo.

Tuanze na yale mliyoyajia. Shamba la juu, lenye miraa, linalopakana na barabara ya Muthara, ni la Lennox. La chini, lenye ndizi, mpaka kwenye kijito, pamoja na nyumba hii, ni la Karimi, na ndugu zangu wakija hapa na habari kwamba msichana harithi, waambieni nilisema nikiwa na akili zangu, na katiba ilisema kabla yangu. Ng'ombe ni wa Virginia, kwa sababu ni yeye pekee ambaye yule mnyama hampigi teke. Ile miti ya mukima ya mpakani msikate hata mmoja mpaka mtakapoweza kukaa meza moja mkanywa chai bila kurushiana maneno, na nikiwatazama hivi, naona ile miti itazeeka.

Hayo ni mepesi. Kilichonikaa hapa kifuani ni Runji, mwenzangu wa maiki, na msigunegune, nimeona mlivyotazamana. Karimi, umempigia simu wiki nzima, naye anapokea, anasema "nimesikia," anakata. Mimi sitaki kwenda kabla mtu huyo hajaniongelesha kama watu wanavyoongeleshana, nje ya redio, ile taa nyekundu ya studio inayowaka tukiwa hewani ikiwa imezimwa. Hilo tu. Sikuombeni mnipeleke Nairobi, sitaki daktari mwingine, sitaki kwaya. Nataka yule mkaidi afungue mdomo.

Virginia hakuwapo, kwa hivyo nianzie nyuma kidogo, na ninyi wawili mnaojua mvumilie. Wakati ule wa madaktari wa Kuba tuliletewa Daktari Oscar, mtu mwembamba mwenye kicheko kikubwa, akapanga nyumba pale soko la Gakoromone nyuma ya wauza viazi, ghorofa ile ile aliyokuwa akilala Runji kila Ijumaa akitoka kwao Kianjokoma, Embu. Runji alikuwa anakuja tutangaze mpira wa miguu pamoja, yeye kwa Kiembu, mimi kwa Kimeru, kila mtu akijibu kwa lugha ya mama yake, na watu kutoka huku Tigania mpaka Embu wakatuelewa vizuri. Basi Jumamosi moja asubuhi tunapanda ngazi tunasikia kelele kwa daktari, mtu anapiga ukelele mrefu usioisha, tukafikiri kuna ugomvi. Kuingia, ni daktari na kikombe chake cha kahawa, anasikiliza besiboli ya kwao kwenye simu, kwa Kihispania.

Hatukujua neno hata moja. Lakini sisi ni watu wa redio, tulisikia kazi. Tulisikia kwamba wako wawili, mmoja mzee mwenye sauti ya kukwaruza, mwingine kijana, na kwamba huyu akivuta pumzi yule anaingia, na hawakanyagani. Besiboli ina kungoja kwingi, mrushaji ameshika mpira, anautazama, anajikuna, anautazama tena, na mtangazaji hana budi kuendelea kuongea ili mtu aliye jikoni asifikiri redio imeharibika; kwa hivyo wale watu walikuwa wakieleza mvua, na mavuno ya miwa, na nyanya ya nani amefunga ndoa tena, kisha ghafla mpira unarushwa na wote wawili wanapanda nao kwa sauti. Daktari alitutafsiria kwa kile Kiswahili chake cha hospitali, na siku moja akatueleza kwamba yule mzee alipougua, kijana alitangaza msimu mzima peke yake, hakukubali mtu mwingine aketi pale, na kila alipofika mahali ambapo mzee angesema neno, alinyamaza. Alimwachia nafasi yake. Daktari alisema watu walilia majumbani kwa sababu ya kile kimya. Runji akajipiga paja, akasema, "Huyo ndiye mtangazaji."

Ndipo daktari akaanza kuwafundisha vijana mchezo huo pale uwanja wa shule, na Runji kule kwao akawachochea vijana wa Kianjokoma, na mimi na yeye tukaanza kuutangaza. Meneja alisema tumerukwa na akili. Nani ataelewa besiboli Tharaka, nani ataielewa Runyenjes? Tukasema wataelewa tukiwapa mahali wanapopajua. Zile pembe nne za uwanja tukaziita mtoni, sokoni, kanisani na nyumbani, kwa sababu kila mama wa huku anaijua safari hiyo, na baada ya mwezi mmoja ungesikia wanawake Gakoromone wakipigiana kelele juu ya magunia ya kabeji, "Amekwama sokoni! Mrudisheni nyumbani jamani!" Hiyo ni kazi yangu na Runji. Hakuna mwenye shahada aliyetufundisha.

Sasa ile fainali. Lennox, usiinamishe kichwa, ulikuwa kijana mzuri na bado ni mzuri ukiacha hiyo simu. Tigania na Kianjokoma, vijana wetu wamejaa mtoni, sokoni na kanisani, na anayeshika gongo ni mwanangu, na amebakiza mpira mmoja tu: ukipita juu ya kile kibao cha nyumbani, kati ya goti na kifua, pale tulipopaita mlangoni, na hakuupiga, tumekwisha, ukipita nje, tunapata pointi na mchezo unaendelea. Ukarushwa. Lennox hakutikisika. Nikasema hewani, "Nje!" Na huyu mtu, huyu mwenzangu niliyemlisha mukimo kwa mkono wa mama yenu, akasema hewani pia, mbele ya kaunti mbili, "Mzee Gitari, huo umepita katikati ya mlango."

Ulikuwa nje. Nasema tena leo nikiwa kitandani, ulikuwa nje. Refa naye akakubaliana na Runji, na refa alikuwa na jua machoni. Lennox mwenyewe ameniambia mara nyingi kwamba ulikuwa ndani, na mimi nimemwambia mara nyingi kwamba mtu anayerushiwa mpira kwa kasi ile haoni kitu, anaona uoga wake tu.

Tulipotoka nilimwuliza Runji, kwa nini umeniaibisha, na mbele ya mtoto wangu? Akaniambia, kwa utulivu wake ule unaoudhi, "Gitari, watu hawaoni uwanja. Sisi ndio macho yao. Nikiwadanganya mpira mmoja, ile mingine wataiaminije?" Nikakasirika. Nikamwambia, basi usiniongeleshe tena, tukutane kwenye maiki peke yake. Jamani, mtu mzima akiambiwa neno na mwenzake kwa hasira, si anangoja hasira ishuke halafu anakuja na sukari na majani ya chai? Runji alilishika lile neno kama ameapa kwa Biblia. Tangu siku ile mpaka leo taa nyekundu ikiwaka ni ndugu yangu, tunacheka, tunataniana, ananiita kijana wa zamani. Ikizimwa anachukua kofia yake, ananipungia mkono, anaenda. Na mimi nimwanze? Ni mimi nilisema umepita katikati?

Mama yenu alipofariki, mnakumbuka. Runji alikuja siku ya kwanza. Alichimba kaburi na vijana, alibeba jeneza upande wa mbele, alilia mpaka shati likalowa, na hakuniambia neno. Nikasema huyu ana jiwe mahali pa moyo. Jumamosi iliyofuata nikaenda kazini kwa sababu nyumba ilikuwa imenishinda, taa ikawaka, na Runji akaacha mchezo. Vijana wanakimbia uwanjani, watu wanashangilia, na yeye anawaeleza wasikilizaji habari za mama yenu, vile alivyokuwa akimpa chai kabla ya kumwuliza habari, vile alivyonicheka nilipovaa viatu viwili tofauti, yote, mpaka meneja akaja kugonga kioo. Nilimpenda Runji siku ile kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Taa ikazimwa, akachukua kofia.

Sasa jana. Karimi, hapa ndipo nilitaka kufika, na usiniambie ni mambo ya ofisi. Nimelala hapa, redio juu ya kifua. Runji yuko peke yake kwa sababu mimi nimelala hapa. Anasema, "Kijana ametoka mtoni, anapepesa macho sokoni, na mrushaji amemwona." Kisha akanyamaza. Karimi, alinyamaza! Mahali pale pale ambapo mimi husema, "Ana mkoba mtupu huyo, anaenda sokoni kufanya nini?" Nikajua. Nikafungua mdomo niseme maneno yangu, hapa, peke yangu na paka, na wewe uliyekaa kwenye mitambo, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika waya, ukafanya nini? Ukaweka tangazo la mbegu za mahindi!

Eti hewa ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Ile ilikuwa nafasi yangu. Akanyamaza mara ya pili, ukaweka wimbo. Mara ya tatu ukaweka yule mcheshi wenu wa asubuhi anayecheka kabla ya kumaliza kisa. Nilitamani kuja huko na blanketi hili.

Ngoja. Maji kidogo. Si hayo, yale ya moto. Asante, Virginia.

Haya ndiyo maagizo, na ni machache kwa sababu pumzi ni chache. Kiti changu pale redioni kisikaliwe mpaka mashindano haya yaishe. Yakiisha, Lennox aketi. Ndiyo, wewe, acha kushangaa, unajua mchezo, una sauti yangu, na utajifunza kukaa karibu na mtu mgumu. Na usiseme una kazi, Jumamosi ofisi yenu imefungwa. Karimi, usijaze kimya usichokijua. Nikizikwa, maiki iwekwe kando ya kaburi na taa iwashwe, la sivyo yule mtu atasimama pale bila neno na wageni watafikiri tulikuwa maadui. Ile taa nilikuambia uilete, umeileta? Iweke hapo juu ya kabati. Chomeka.

Hiyo ni pikipiki?

Virginia, chungulia. Amevua kofia? Basi ni yeye. Mpisheni. Karibu, Runji. Keti hapo kitandani, miguu yangu haihitaji nafasi tena.

Mnaona? Mnaona nilichowaambia? Ametoka Kianjokoma mpaka hapa, ana vumbi hadi kwenye nyusi, amenishika mkono, macho yamejaa maji, na mdomo ameufunga. Huyu si binadamu, huyu ni nguzo ya stima. Karimi, washa taa. Washa, kabla sijakufa kwa hasira badala ya ugonjwa.

Haya. Tuko hewani, Runji, usijali anayesikiliza. Nina swali moja tu. Ule mpira wa Lennox ulipita wapi?

Rudia, sikio hili limeziba.

Katikati. Anasema katikati ya mlango. Anasema hata leo angesema hivyo hivyo.

Lennox, usimkemee! Niacheni nicheke. Kunauma, lakini niacheni. Wiki nzima kila anayeingia hapa ananiambia naonekana vizuri. Mchungaji amesema, majirani wamesema, na wewe Virginia, Mungu akusamehe, umesema nimenenepa. Nilikuwa naogopa kitu kimoja, kwamba Runji naye ataingia hapa anihurumie aseme ulikuwa nje, na hapo ningejua mmekwisha kunizika. Ulikuwa nje, Runji. Lakini asante. Nimekukosa sana, wewe mzee mbaya.

Sasa zima taa, Karimi. Ndiyo, zima. Tuone.

Lennox, leta kichwa hapa. Karimi, na wewe. Virginia. Babu yangu aliwabariki watu kwa mate, na mimi mdomo umekauka, kwa hivyo pokeeni pumzi. Mzae, mvune, mvua iwakute mkiwa mmepanda. Msidanganyane hata mkipendana. Mkigombana... mkigombana, atakayetangulia kurudi ndiye mwenye baraka yangu kubwa. Ningewaambia hivyo zamani. Haya, inueni vichwa, mnanikalia mkono.

Nyamazeni kidogo. Taa imezimwa? Umehakikisha? Na bado anaongea. Mnasikia? Ananiambia barabara ilikuwa mbaya... kwamba kahawa yao imetoa maua... kwamba Daktari Oscar amempigia simu kutoka kwao, anauliza mimi... anauliza kama mimi bado...

Amenyamaza.

Karimi. Hapo ni pangu. Msipajaze.