Jina la Owuor, Jezi Namba Moja

*Risala ya mashabiki wa Turubai FC kwa mgeni rasmi, Bwana Tanveer, Mkurugenzi wa kiwanda cha maturubai, siku ya kuzindua jezi mpya. Nakuru, Agosti 2008.*

Karibu

Mgeni rasmi Bwana Mkurugenzi, wachezaji wetu, wazee, akina mama, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha: karibuni nyote.

Sisi ni mashabiki kumi na wanane. Sote ni watu wazima. Tuna watoto, wengine tuna wajukuu, na bado kila Jumamosi tunavaa jezi yenye jina la mtu mwingine mgongoni na kutoka nje bila haya. Majirani hutucheka. Tumezoea.

Tumeambiwa una mkutano mwingine saa kumi, kwa hivyo hatutazunguka. Risala hii ni ya kikundi kizima, lakini sehemu kubwa ni habari za mama mmoja, Wangare. Ukimfahamu yeye umetufahamu sote. Ni yule ameketi safu ya kwanza na sufuria magotini. Habari ya sufuria utaipata.

Tulivyoanza

Mwaka 2005 timu yako ilipopanda daraja, wachezaji waliandikwa majina mgongoni kwa mara ya kwanza. Navin, mwenye duka la vifaa vya michezo pale mjini, alileta mashine ya kubandika herufi kwa moto, nasi tukakimbilia kwake kununua jezi kama za wachezaji. Kila mtu alichagua jina la kwao, la mchezaji wa kabila lake. Mechi ya kwanza tulikaa makundi makundi. Wa upande huu hawakupigia makofi bao la wa upande ule. Timu ilishinda mabao matatu kwa moja, na sisi tukaenda nyumbani tumenuniana kama tuliofungwa.

Aliyechoka kwanza ni Wangare. Yeye huuza githeri ya mahindi na maharagwe kwenye lango la kiwanda chako, na mchana kila mfanyakazi hula kutoka sufuria ile ile. Jumatatu aliiosha sufuria, akakata vikaratasi vyenye majina ya wachezaji, akavitia ndani na kutuita.

"Kila mtu atie mkono," alisema. "Ukitoa jina la kwenu, rudisha. Utavaa la mwenzako."

Owino, fundi wa viatu wa mtaa wa Free Area, alilalamika. "Lakini mathe, mimi jezi nishanunua!"

"Mpe bibi yako alalie."

Owino akatia mkono, akatoa KIPKIRUI, winga wetu. Micah, mkulima anayetoka Kabazi kila Jumamosi na karoti za kuuza njiani, akatoa GACHANJA. Wangare alitia mkono wa mwisho. Karatasi iliyobaki ilikuwa OWUOR, golikipa, namba moja.

Sheria alitunga yeye, siku hiyo hiyo, akiwa amesimama. Jina moja, mtu mmoja. Uliyemvaa akiugua, unampelekea uji. Akipata kadi ya njano, unanyamaza mpaka mechi iishe. Akipata nyekundu, unafua jezi za timu nzima kwa mkono.

Bwana Mkurugenzi, Owuor unamjua, au tuseme kazi yake unaijua. Alishona maturubai kwako miaka sita. Ukimkuta kwenye cherehani utadhani ni bubu, lakini golini huwa mtu mwingine. Msimu ule ule wa kwanza alimwambia refa aende akapimwe macho, akatolewa. Kesho yake, Jumapili, Wangare alifua jezi kumi na nane. Owuor alikuja na mkate wa kuomba msamaha, akamkuta ameinama kwenye karai.

"Pole, mathe."

"Pole weka hapo. Leta maji."

Akaleta maji, akakunja mikono ya shati, akasuuza mpaka ya mwisho. Tangu siku hiyo alikula kwa Wangare kila Jumapili. Mama yake mzazi yuko kijijini kwao, Ahero. Wangare alizaa mabinti tu, na wote wameolewa mbali. Hatutaki kuongeza chumvi. Tunasema tu kwamba alijua Owuor anapenda ugali mgumu, na kwamba akifungwa bao la kizembe hali mboga.

Tunayojivunia

Kwa miaka miwili hakuna mchezaji aliyelala hospitali bila uji wa asubuhi. Gachanja alipofiwa na baba, Micah, ambaye hakuwahi kufika kwao, alichimba kaburi pamoja na binamu za Gachanja. Owino amekaa kimya mechi saba kwa sababu ya kadi za Kipkirui, na mkewe ameomba timu isimkanye huyo kijana. Haya hayako kwenye kabati la vikombe, lakini sisi tunayahesabu kama ushindi.

Januari

Hatutarudia yote ya Januari, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Ulikuwepo, uliona moshi. Tutasema ya Ijumaa moja tu.

Siku tatu Owuor hakuonekana mtaani kwake, Kaptembwo, na simu yake haikushika. Mtu akamwambia Wangare kwamba wengi wa ule mtaa wako kituo cha polisi, wakingoja malori ya kuwapeleka kwao. Wangare alijaza githeri kwenye kopo, akafunga kwa kitambaa, akatoka. Alivaa jezi. Ijumaa sisi huvaa jezi kujiandaa kwa mechi, na hakukumbuka kwamba wiki hiyo hakukuwa na mechi, wala hakukumbuka mgongo wake umeandikwa nini.

Vijana walimsimamisha njiani. Walisema lugha yake ya nyumbani, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mathe, hilo jina ni la nani?"

"La golikipa."

"Wewe ni mama yake?"

"Nimefua jezi kumi na nane kwa sababu ya mdomo wake. Wewe umefua ngapi?"

Mmoja alicheka. "Wachana na yeye, huyu ni mathe wa githeri. Aliwahi kunipa kwa deni."

Mwingine hakucheka. "Vua hiyo kitu."

"Nivue nibaki na nini, mtu mzima kama mimi? Kwenu hakuna mama?"

Wakampisha. Sisi tumeisimulia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara inanoga. Lakini Wangare ametutaka leo tusome na iliyobaki. Alipofika mbele, mahali ambapo hakuna mtu aliyemtazama tena, aliingia nyuma ya kibanda cha mkaa, akaivua jezi, akaigeuza ndani nje, akaivaa hivyo na kuendelea na safari.

Owuor alikuwa langoni mwa kituo na mfuko mmoja. Alikula akiwa amesimama, akamaliza, akafuta kopo kwa kitambaa, akamrudishia. Ndipo akamtazama vizuri.

"Mathe, jezi umeivaa ndani nje."

"Nasikia baridi."

Ilikuwa saa saba mchana, Bwana Mkurugenzi, jua la Januari. Owuor aliinyoosha ile lebo iliyokuwa imesimama shingoni mwake, akailaza kwa kidole, jinsi mtu anavyomtengeneza mama yake kabla hawajaingia kanisani. Kisha akapanda lori.

Wiki iliyofuata ghasia zilifika kwa Wangare, naye akahama. Alikaa miezi miwili kwenye uwanja wa maonyesho, chini ya turubai ulilotoa wewe. Tunakushukuru kwa maturubai yale. Watoto wetu hawakunyeshewa. Wangare alikagua mshono wa lake siku ya kwanza, akasema huyu aliyeshona ni Owuor, maana hurudia pembe mara tatu. Huenda ni kweli. Alilala hapo chini kwa amani kuliko wengi wetu.

Hali ilivyo sasa

Tulirudi mmoja mmoja. Micah aliteremka kutoka Kabazi mwezi wa nne na gunia la karoti, akagawa bure. Owino alifungua kibanda chake. Kufikia mwezi wa tano tulikuwa kumi na wanane tena, kila mtu na jina lile lile la mwenzake mgongoni. Wangare tangu arudi hajaivaa jezi ndani nje hata siku moja. Amekwenda nayo sokoni, kwenye matanga, na mara moja kanisani, ambako mchungaji alimwomba avae leso juu, naye akakataa.

Mwezi huo wa tano Owuor alirudi. Alifika lango la kiwanda saa moja kasoro asubuhi, kama zamani. Askari alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili, akamwambia jina lake halipo. Mtu asipofika siku kadhaa huhesabiwa ameacha kazi, na cherehani yake alipewa mwingine. Hatumlaumu aliyeandika orodha. Orodha haijui kwa nini mtu hakuja. Hatumlaumu pia aliyekaa kwenye cherehani, naye ana watoto.

Wangare alikuwa pale pale langoni, anachochea moto.

"Kaa ule."

"Nikikaa sitaweza kuondoka, mathe."

Alirudi Ahero. Sasa anabeba watu kwa baisikeli. Golini amesimama Kipkirui, winga, na amefungwa mabao kumi na moja katika mechi nne. Hatumlaumu. Anakimbilia mpira wakati anatakiwa kuungoja.

Kisha tukapata barua yako kwamba jezi mpya zitakuwa na namba tu, bila majina, ili kuzuia chokochoko. Tunajua umeandika kwa nia njema. Majina ndiyo watu walikuwa wakiulizwa njiani. Lakini ruhusu tuseme wazi: sisi majina hayakutugombanisha tulipovaa ya wenzetu. Yalitugombanisha tulipovaa ya kwetu. Na namba haiugui. Huwezi kuipelekea namba uji. Namba moja akipotea, utaweka namba moja mwingine, na hakuna atakayetoka nyumbani na kopo la githeri kumtafuta.

Ombi letu

Tulikuwa tumeandika maombi sita, yakiwemo choo cha uwanja na viti. Wangare aliyasoma, akauliza, "Mkipewa moja tu, mnataka lipi?" Tukafuta matano.

Juzi Wangare alikwenda kwa Navin kuagiza jezi kubwa, ya kifua cha mtu aliyeshiba, samahani. Navin alipekua droo zake.

"Mama, O zimeniishia, na mzigo haujafika. Wewe unataka mbili. Nitabandika sifuri, nani ataona?"

"Owuor ataona."

Akaivua yake pale pale dukani, akabaki na blauzi ya ndani, akaiweka mezani. "Toa hizi."

Navin alisita. "Mama, nikizitoa yako haina jina."

"Jina moja, mtu mmoja. Si niliitunga mimi hiyo sheria?"

Navin alipasha pasi, akazibandua herufi moja moja kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akazipachika kwenye jezi mpya. R ina ufa. Ilikuwa na ufa tangu zamani, kwa sababu ya kufuliwa sana.

Sasa, Bwana Mkurugenzi, sufuria. Mashabiki wetu wote walianzia humo, na tungependa leo nawe utie mkono. Hatutakudanganya: ndani kuna karatasi moja tu. Ukiitoa, utapewa jezi ile, na sheria zitakushika kama zinavyotushika. Akiugua, uji ni wako. Akipata nyekundu, tutakuletea karai. Na asipokuwa na kazi, aliyemvaa ndiye huulizwa. Miaka mitatu tulimuuliza Wangare, na alijibu kwa kila alichokuwa nacho. Lakini yeye ana githeri. Hana cherehani.

Ukikataa tutaelewa, na chai utakunywa. Wangare atarudi kwa Navin O zikifika. Lakini mtazame kabla hujaamua. Jezi aliyovaa haina herufi hata moja, na bado mgongo wake unasomeka. Kitambaa kimepauka kote kwa jua la miaka mitatu, isipokuwa mahali ambapo herufi zilikuwa zimekaa. Simama mama, geuka kidogo. Hilo ndilo jina.

Tunakuombea afya, kiwanda chako kisikose kazi, nyumba yako isikose watu mezani, na safari yako ya saa kumi iwe salama. Na ukiipokea jezi hii, tunakuomba jambo moja dogo, ambalo Wangare ametutuma tulitaje mwisho ili usilisahau: ivae jina likiwa nje.

Ni sisi,
Mashabiki wa Turubai FC, Nakuru.
Imesomwa na katibu, Chepkirui.