Mfuko Usioonyesha

Mwaka ule ruksa ya biashara ilikuwa imetoka, kila mwenye mabega akaingiza mali aliyoweza kubeba, na mjini Kyela hapakuwa na jambo lisilojadiliwa kwenye benchi la kibarazani kwa Kheri. Benchi lenyewe miguu mitatu na tofali, lakini maneno yaliyotoka pale, bwana, yangetosha kuendesha wizara mbili na chenji ikabaki. Kheri mwenye duka ndiye aliyepika kahawa, chungu kama shubiri, akaiacha birika juu ya makaa kila mtu ajimiminie. Asubuhi hiyo alikuwepo Dulla Songwe, aliyebandikwa jina la mto kwa jinsi anavyouvuka pale Kasumulu kufuata bidhaa Malawi. Alikuwepo Ezra Gazeti, karani mstaafu wa ushirika. Na upande wa tofali alikaa Anyitike Bahasha, furushi la mifuko ya karatasi mapajani, kikombe chake hajakigusa.

Huyu Anyitike alikuwa akikusanya mifuko mitupu ya saruji, anaikung'uta, anatoa zile karatasi safi za ndani, kisha yeye na mkewe Marta wanakata, wanakunja na kubandika kwa uji wa mhogo. Wauza karanga walimjua. Kina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu kutoka ziwani walimjua, maana vipande vyake vya karatasi ndivyo walivyosindilia kati ya chungu na chungu visigongane. Hakuna kazi nyingine aliyoipenda hivyo maishani. Halafu ikaja mifuko ya nailoni, na duka moja baada ya jingine likamwambia ahsante. Amebaki Kheri. Na Kheri alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa upole uliouma kuliko tusi:

— Ndugu yangu, acha kwanza nifikirie. Kahawa ikiisha nitakujibu.

— Ufikirie nini? Dulla alidakia. Nailoni haichaniki, hailoani, na mteja anaona mali yake tangu nje. Uwazi! Ndiyo soko huria hilo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mwenyeji anayepona ni yupi hapa? Ezra aliuliza. Mwenyeji ndiye huyu amekaa kwenye tofali.

Anyitike akatabasamu kwa adabu. Ndani alikuwa anaungua. Mtu anapotetewa na Ezra ajue mambo yake yameshaharibika.

— Tena ngoja niwape siri, Ezra aliendelea, akisogeza miwani yake yenye mguu wa uzi. Mimi gazeti la kununua silijui miaka mingapi sasa. Habari zote nazisoma kwenye maandazi. Vyama vingi nimevijua kwa kufungiwa samaki! Sasa wakubwa wakizuia magazeti, tutapiga kelele. Wakileta nailoni, tunashangilia. Nailoni ina nini cha kusoma? Hii ni mbinu ya kutufanya wajinga.

— Mzee, habari zenyewe zilikuwa nusu, Dulla alicheka. Ulitutangazia waziri kajiuzulu, kumbe karatasi ilichanwa kabla ya neno "uvumi".

Wakacheka wote, hata Anyitike.

— Mimi langu ni mchele, Kheri alisema. Mchele wetu ukiufungia nailoni unatoa jasho. Ukitoa jasho unasahau harufu. Ukishasahau harufu, una tofauti gani na mchele wa watu?

— Mchele unasahau?

— Kwani wewe tangu uanze kuvuka mto hujasahau madeni yako? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo methali hapo si mahali pake, Ezra alisema.

— Mahali pake ni popote palipo na Dulla.

Anyitike akaona heri na yeye aseme neno, maana kahawa ilikuwa inapungua.

— Yangu ni imara, alisema. Tunabandika mara mbili siku hizi. Na ikitupwa shambani inaoza, mgomba unakula. Ile ya Dulla mbuzi wa jirani yangu kaila, mbuzi ndiye aliyeoza.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Dulla alimjibu. Nakuona kila siku na baiskeli, unaitembeza.

— Na wewe ya kwako unaitembeza toka Kasumulu, tena unavuka maji!

— Mwe! Ezra alipiga paja. Leo Bahasha kafunguka!

Dulla hakukubali kushindwa. Alisimama kabisa, kikombe mkononi, sauti ya mnadani.

— Nyie chekeni tu. Miaka kumi ijayo nyumba za nailoni, mnaonana mpaka vyumbani. Suruali za nailoni! Na mtu akifa, anazikwa kwenye nailoni, kila anayekuja anamwona alivyo, hakuna kufunuafunua. Dunia inakwenda kwenye uwazi, na asiye na kitu cha kuficha haogopi.

Hili la maiti lilipita kiasi. Kheri akasema astaghfirullah, akainua birika, akamimina, ikatoka nusu kikombe na machicha. Anyitike aliyaangalia yale machicha. Alijua Kheri ni mtu wa ahadi.

Hapo akafika mama mmoja na mtoto mgongoni, miguu ina tope mpaka magotini. Alipiga goti kidogo kuwaamkia.

— Mimi Anyosisye, natokea Njisi. Nakwenda msibani Ipinda. Naomba mchele nusu kilo, tata.

Kheri akapima, akavuta mfuko wa nailoni wa Dulla uliokuwa karibu na mizani, akamimina, akafunga fundo. Mama akaupokea, akauinua usawa wa macho. Mchele ulikaa chini kabisa, kidogo tu, na mfuko wote juu mtupu. Aliugeuza huku na huku.

— Tata, sasa na huu nitaingia nao vipi msibani?

Kheri aliuangalia upya ule mfuko. Kule kwao mwanamke anayepeleka pole ya chakula hukipeleka kimefunikwa. Waliopo jikoni hupokea, humimina kwenye kapu kubwa, husema "ndaga", yaani ahsante, na ndaga ya debe ni ile ile ya kibaba. Haulizwi mtu kaleta kiasi gani. Wote pale benchini walilijua hilo, na Dulla alilijua vilevile, mama yake ni wa Ipinda.

— Si ufunike na kanga, Dulla alisema polepole.

— Kanga nimembebea mtoto, baba.

Dulla akakaa.

Anyitike alikuwa ameshaanza kufungua furushi. Miaka yote hiyo alikuwa anaisifia gundi, anaisifia bei, na leo ndipo alipojua kinachofanya watu waipokee mifuko yake kwa mikono miwili. Machozi yalimlenga, akainama asionekane. Akachagua mfuko wa kilo, mpya, akautanua mdomo kwa ngumi kama Marta anavyofanya, akampa Kheri.

— Furushi hilo liingize ndani, Kheri alimwambia bila kumtazama. Na wiki ijayo lete jingine.

Kisha akahamishia mchele kwenye karatasi, akachota na kipimo kingine kilichojaa, akataka kuongeza. Mama akaziba mdomo wa mfuko kwa kiganja.

— Hapana, tata. Nimeomba kufunikiwa, sikuomba kuongezewa.

Kheri akarudisha mchele guniani. Mama akalipa, akaukunja mfuko juu, akaupakata kifuani, akawaambia ndaga fijo, akaishika njia ya Ipinda.