Mstari Unaomsema Bosi

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi aliyetoka zamu alijifanya amelala, ila masikio hayana kope. Mbele yake kijana mtengeneza programu alikuwa akimwonyesha kompyuta yake mama mmoja aliyekutana naye kitini tu.

"Kila siku tunaipima hifadhidata, ghala la taarifa za kampuni, mama, tuone inajibu upesi kiasi gani. Ukurasa huu nimeutengeneza mimi, unachora matokeo. Mstari ukipanda, ujue imekuwa nzito kujibu."

"Na huu umepanda kama mbuzi mlimani! Nani kaiharibu?"

Kijana akashusha sauti. "Bosi. Mstari ulipanda siku ileile aliyotia mkono wake. Na leo nauonyesha mbele ya wakurugenzi, yeye akiwepo."

"Ugeuze juu chini, mwanangu, ushuke."

"Huo si utakuwa uongo, mama?"

"Na huo ukweli utakupa kazi nyingine?"

Treni ikasimama, kijana akashuka kompyuta ikiwa wazi kifuani. Mama akatoa kichwa dirishani. "Basi sema unaumwa tumbo!"

Muuguzi uzalendo ukamshinda. "Tumbo hapana!" akapaza sauti. "Watoro wote wa kazi husema tumbo!"