Sarafu za Jubilei na Nyumba ya Mzee Absalom Obiero (1931–1995)

Marehemu Mzee Absalom Obiero alizaliwa Seme mwaka 1931. Alisoma hadi darasa la nne karibu na Maseno, akaacha shule baba yake alipofariki. Baba huyo, mpishi wa mzungu, alimwachia sarafu moja kubwa ya madini ya fedha, ya jubilei ya mfalme wa Uingereza, ya 1935: mfalme upande mmoja, mpanda farasi na joka upande wa pili.

Mwaka 1956 alianza kununua vyuma chakavu Kondele, mjini Kisumu. Kila alipokutana na mzee mwenye sarafu kama ile, aliinunua, hadi kopo la kakao likajaa. Mwaka 1958 alimwoa Rosa Apiyo, wakapanga mjini, miaka ya mwisho Migosi. Nyumba ya Seme ilikuwa ya kesho kila mwaka.

Januari 1980 bei ya madini ya fedha ilipanda dunia nzima. Sonara mmoja mjini alimwita. Bei aliyotaja ingeezeka nyumba nzima.

"Baba Lornah, uza tupate mabati," Rosa alimwambia.

"Mnunuzi akiwa na haraka, ujue bado inapanda."

Kufikia mwisho wa Machi bei ilikuwa imeporomoka. Marehemu alifunga kopo. "Itarudi tu," alisema, na akaendelea kusema hivyo mpaka watu wakachoka kumuuliza.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza 1991. Alikatwa mguu, na tarehe 12 Agosti 1995 akafariki hospitalini Kisumu.

Kwa mila yetu, mwanamume hazikwi nyumbani bila nyumba yake. Mwili ukabaki mochari, wapwa wakachimbia nguzo na kukandika udongo. Rosa alibeba kopo hadi kwa sonara yuleyule.

"Mama, hizi si fedha tupu. Nusu ni madini mengine."

"Najua, bwana. Hata ile 1980 zilikuwa nusu. Pima hiyo nusu ingine."

Walivutana mpaka chai ya sonara ikapoa. Pesa zilitosha mlango, misumari na kufuli. Mabati yametoka kwa michango yenu, na tunashukuru. Jana marehemu aliingia kwa mlango wake mwenyewe.

Ameacha mjane, Rosa. Watoto, Lornah na Tom. Na wajukuu watano. Kopo ni tupu, wanalitumia kuchotea maji.

Mungu ampe mapumziko ya amani. Hakuna bei ya kungoja tena.